Jiwe Ndani ya Paji la Uso: Uvimbe wa Mfupa wa Pua, Lini Uachwe na Lini Ukatwe

Ami yangu alianguka mkarafuu. Tawi lilikatika kabla hajajaza pishi ya pili, akapiga kichwa kwenye shina na kuzimia kwa dakika chache. Kwa kuwa mtu aliyezimia kwa kuanguka si wa kulazwa mkekani akangojwa, wanawe walimkimbiza hospitali hapo Pemba, na baadaye akavushwa Unguja kupigwa picha ya CT ya kichwa. Ubongo ulikuwa salama, na fuvu halikuwa na ufa. Lakini mwisho wa karatasi ya majibu palikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyeutafuta: uvimbe wa mfupa, milimita 8, ndani ya chumba cha hewa cha kulia cha paji la uso, hauna dalili ya saratani. Daktari aliusoma, akatabasamu, akamwambia arudi baada ya mwaka.

Familia haikutabasamu. "Kaona uvimbe kichwani mwa mtu, halafu anasema nendeni nyumbani?" Shangazi alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja kumjulia hali ami. Binamu yangu aliyeko Muscat alishaanza kuulizia nauli ya India. Upande wa pili alisimama mzee mmoja wa msikitini kwetu, naye akasema: si wamesema si saratani? Basi asahau, na hiyo picha ya mwakani isimtie gharama.

Nilipoulizwa mimi, kwa kuwa ndiye ninayeandika mambo ya afya, nilisema wote wamekosea. Waliotaka akatwe kesho walitishwa na neno "uvimbe". Aliyetaka asahau alilazwa na neno "si saratani". Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: umekaa wapi?

Kichochoro cha paji la uso

Ukiubana mfupa wa pua kwa vidole viwili unashika kibaraza tu cha nyumba. Nyuma yake kuna vyumba vya hewa vilivyochongwa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: vya mashavuni, vya juu ya nyusi, vijichumba vingi kama sega la nyuki baina ya macho, na viwili vilivyojificha nyuma kabisa, katikati ya kichwa, chini ya ubongo. Madaktari huviita sainasi. Vyumba vya paji la uso mtoto hazaliwi navyo. Hujichonga polepole utotoni na kukamilika ujana ukielekea ukingoni. Vyote vimetandikwa utando laini unaotoa kamasi, na kamasi hiyo haina budi kutoka kila siku kuelekea puani kupitia milango myembamba.

Mlango wa chumba cha paji la uso ndio mgumu kuliko yote. Kwa kweli ni kichochoro. Aliyewahi kupita Mji Mkongwe anavijua: kuta zimekaribiana, njia inapinda, baraza zimekula nusu ya nafasi. Gari la hamali likikwama hapo, mtaa mzima umefungwa, hata kama gari lenyewe ni dogo. Liegeshe gari hilo hilo kwenye uwanja wa Forodhani na hakuna atakayeligeukia mara mbili.

Uvimbe wa mfupa nao uko hivyo. Wa milimita 5 ulioota mdomoni mwa kichochoro huweza kumtesa mtu miaka, na wa sentimita 2 ulioota kwenye ukuta wa mbali ukakaa kimya mpaka mwenyewe azikwe nao. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema "changu ni kidogo" au "chake ni kikubwa", najua bado mazungumzo hayajaanza.

Halafu kuna majirani. Baina ya vile vijichumba vya sega na jicho kuna ukuta mwembamba kiasi kwamba jina lake la Kilatini lenyewe linautaja kuwa kama karatasi. Juu ya pua kuna mfupa wenye vitundu kama kung'uto, ambamo nyuzi za fahamu za kunusia hupita, na juu yake umelala ubongo. Mfupa unaoota humu hauhitaji kuwa na ubaya wa saratani ili ulete madhara. Unahitaji tu kukosa nafasi.

Majina matatu, tabia tatu

"Uvimbe wa mfupa usio saratani" ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo huo wapo watatu wanaokutana na madaktari wa pua mara nyingi, na tabia zao hazifanani.

Wa kwanza ni osteoma, na ndiye wa ami. Huu ndio uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi ya wowote mwengine katika vyumba hivi. Kwa watu 100 wanaopigwa CT ya sainasi, takriban 3 hukutwa nao, wengi wao hawana habari. Hupenda chumba cha paji la uso, kisha vijichumba vya baina ya macho. Mashavuni ni mara chache, na kile chumba cha nyuma kabisa ni nadra. Osteoma ni mfupa halisi uliokomaa. Aina moja ni ngumu, nzito na nyeupe mpaka madaktari wakaiita ya pembe ya ndovu. Nyengine ina matundu ndani kama mfupa wa kawaida wa supu. Nyengine ni mchanganyiko. Hukua kwa mwendo wa kobe. Madaktari wa Finland waliochapisha vipimo vyao mwaka 1997 walipata wastani wa milimita 1.6 kwa mwaka, ingawa wagonjwa walitofautiana sana: mwengine hakufikisha hata nusu milimita, mwengine alifika milimita 6.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonisaidia kumtuliza shangazi, ambaye alishikilia kuwa mkarafuu ndio ulioleta jiwe. Chukua milimita 8, gawa kwa 1.6: miaka mitano, kama halikukawia zaidi. Ami alianguka siku nne kabla ya picha. Ni kweli kwamba pigo la zamani la kichwa ni mojawapo ya mambo yanayodhaniwa kuchochea osteoma, pamoja na uvimbeuchungu wa muda mrefu wa sainasi, na mabaki ya ukuaji wa kichanga pale ambapo mifupa ya aina mbili hukutana. Lakini hakuna dhana yoyote kati ya hizo inayoeleza wagonjwa wote, na hakuna inayoweza kujenga mfupa kwa siku nne. Mkarafuu haukulileta jiwe, ulilifichua tu.

Kuna jambo moja la osteoma ambalo daktari makini halipiti. Mtu akikutwa nazo nyingi, hasa kwenye fuvu na taya, huulizwa habari za tumbo. Upo ugonjwa wa kurithi unaoitwa sindromu ya Gardner, unaotokana na hitilafu ya jeni ya APC, ambao huunganisha vimbe za mifupa na vinyama vingi ndani ya utumbo mpana. Vinyama hivyo visipotibiwa, saratani ni karibu ya uhakika, mara nyingi kabla au katika miaka ya arobaini ya umri. Kila mtoto wa mwenye hitilafu hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa hiyo hutokea daktari wa pua akampeleka mgonjwa wake kupimwa utumbo, naye mgonjwa akadhani amepotea njia.

Wa pili ni displasia ya nyuzi. Huyu si mfupa ulioongezeka, ni mfupa ulioharibika ufumaji: pale palipotakiwa mfupa mgumu, mwili umeweka nyuzi na vijipande vya mfupa usiokomaa. Chanzo ni badiliko katika jeni ya GNAS linalotokea mimba ikiwa changa, wala halirithiwi kwa baba au mama. Huonekana utotoni na ujanani, uso ukavimba taratibu upande mmoja, kisha kwa wengi hupunguza kasi baada ya kubaleghe. Kwenye CT hufanana na kioo cha dirisha la msala, kile kisichoonesha ndani. Mipaka yake haikatiki wazi. Huyeyukia kwenye mfupa mzima, na kwa sababu hiyo kuuondoa wote mara nyingi hakuwezekani bila kuondoa nusu ya uso. Daktari husubiri umri usogee, kisha huchonga ziada ili kurudisha umbo au kufungua njia ya pua. Jambo moja halina mjadala: uvimbe huu haupigwi mionzi. Kwa kawaida wanaogeuka saratani hawafiki mmoja katika 100, na mionzi huipandisha hatari hiyo.

Wa tatu, fibroma ya kimfupa, ndiye mkorofi. Kwenye picha hujionesha kama yai: ganda jembamba jeupe pande zote na mchanganyiko ndani. Mpaka wake unajulikana, lakini husukuma majirani kwa nguvu, na ile aina ya watoto na vijana hukua haraka na kurudi baada ya upasuaji kwa wagonjwa wengi, ripoti nyengine zikifika theluthi au zaidi. Hapa kusubiri hakufai. Huyu hukatwa, na hukatwa wote.

Kwa hiyo anayetoka kwenye chumba cha picha na neno "uvimbe wa mfupa" peke yake hajapewa jibu bado. Aulize: upi kati ya hawa?

Kipandauso, sujudi na jicho la mwalimu

Neno letu kipandauso limebeba mizigo mingi. Mtu akiumwa nusu ya kichwa ni kipandauso, akiumwa juu ya nyusi ni kipandauso, akizibwa pua wakati wa pepo za kaskazi ni kipandauso. Ndani ya kapu hilo wamo wenye migreni, wenye sainasi zilizovimba, wenye macho yanayohitaji miwani, na mmoja mmoja mwenye osteoma.

Sasa sikiliza hatari iliyomo. Maumivu ya kichwa ni ya kila mtu, na osteoma ni ya watu 3 katika 100. Vitu viwili vya kawaida hukutana ndani ya kichwa kimoja bila kuhusiana. Mtu hukatwa, jiwe likatoka, na kichwa kikaendelea kuuma kama jana. Kabla ya kulilaumu jiwe, daktari mzuri hutafuta ushahidi: maumivu yako upande ule ule wa uvimbe, mahali pale pale, na picha inaonesha chumba kilichozibwa na kujaa kamasi. Wagonjwa wa kwetu huwa na kipimo chao wenyewe, ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote cha Kizungu: wanasema linagonga wakienda sujudi. Kuinamisha kichwa huongeza msukumo ndani ya chumba kisichopumua, basi maelezo hayo yana maana, ingawa sainasi yoyote iliyoziba hufanya vivyo hivyo.

Wavuvi wanaozamia nao wana chao. Mita 10 chini ya bahari, msukumo huwa maradufu ya ule wa juu ya maji. Chumba chenye mlango wazi hujisawazisha. Chenye gari la hamali mlangoni hakiwezi, na mzamiaji husikia kama mtu anampigilia msumari juu ya jicho wakati anashuka, akirudi juu na damu kidogo puani. Huyo asinunuliwe panadoli tu, apigwe picha.

Nyumbani dawa zetu ni mafusho, mafuta ya habasoda puani, na chuku kisogoni. Mafusho sina ugomvi nayo: mvuke hulainisha kamasi, na kamasi ikipita mtu hupata nafuu ya kweli. Hiyo nafuu ndiyo inayochelewesha. Mfupa hauyeyuki kwa mvuke, lakini kila Ijumaa mtu anapojifukiza na kulala vizuri, safari ya kwenda kwa daktari huahirishwa.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu alijifukiza miaka mitatu. Katikati ya hapo alinunua antibayotiki duka la dawa mara nyingi mno, kila mara bila kuangaliwa na mtu, na jicho lake la kushoto lilipoanza kuchuruza machozi akaambiwa ni husuda. Aliyeligundua tatizo si daktari wala shekhe. Ni mpiga picha wa studio, mwalimu alipokwenda kupiga picha za pasi kwa ajili ya umra. "Mwalimu, jicho moja umelitoa," alimwambia, akapiga tena, na tena, akidhani ni taa. Osteoma iliyoanzia kwenye vijichumba vya baina ya macho ilikuwa imeshausukuma ule ukuta wa karatasi na kulisogeza jicho mbele na nje.

Jicho kujitokeza, kuona vitu viwili viwili, machozi yasiyokwisha ya upande mmoja: hizo ni dalili za kutosubiri miadi ya mwaka. Na zipo nyengine nzito zaidi. Kamasi iliyofungiwa miaka hutengeneza kifuko kinachotanuka na kula mfupa. Uvimbe ukitoboa ukuta wa nyuma wa paji la uso, hewa huingia ndani ya fuvu na vijidudu hufuata, ndipo inapokuja homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo. Maji mepesi kama ya bomba yakidondoka tundu moja la pua ukiinama, hasa yenye ladha ya chumvi, hayo huenda ni maji ya ubongo. Mwenye hayo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na pua inayoziba upande mmoja tu huku ikitoa damu, kwa mtu mzima, si ya kuitwa osteoma kwa kubahatisha. Saratani za pua huanza namna hiyo.

Picha gani, na kwa nini MRI si mshindi

Njia ya kawaida kwa mtu wa Pemba huanzia hospitali ya wilaya au ya Abdulla Mzee pale Mkoani, kwa daktari wa masikio, pua na koo akiwepo. Wazee wengi wanawakumbuka madaktari wa Kichina. Timu zao zimekuwa zikija Visiwani tangu 1964. Kutoka hapo ni boti hadi Unguja, Mnazi Mmoja, hospitali kuu ya rufaa, na kwa kesi ngumu hadi Muhimbili.

Daktari kwanza huingiza endoskopu puani, kamera nyembamba yenye taa. Mara nyingi haoni kitu, kwa sababu uvimbe umo chumbani na yeye yuko ukumbini. Lakini huona usaha unatokea mlango gani, na vinyama vya pua kama vipo.

Kipimo chenyewe ni CT, bila sindano ya dawa ya rangi, ikikatwa vipande vyembamba na kusomwa kwa mpangilio wa mwanga unaoonesha mifupa. Hapo osteoma hung'aa kama jino, na daktari wa upasuaji huona anachotaka: shina la uvimbe limeshika ukuta upi, kichochoro kiko wazi au la, ukuta wa jicho na wa ubongo upo au umeliwa. Eksirei ya kawaida huonesha jiwe kubwa la paji la uso, ila haioneshi majirani.

Watu huiona MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kuwa "kipimo kikubwa", na wapo wanaoilipia wakiruka CT. Kwa mfupa ni kinyume. Osteoma ngumu haina maji ya kutosha kutoa ishara kwenye MRI, hivyo hutoka nyeusi, na hewa ya sainasi nayo hutoka nyeusi. Jiwe la sentimita 2 linaweza kukaa mbele ya macho ya msomaji kama pango tupu. MRI huitwa baadaye, kama kuna shaka ya ubongo au jicho kuguswa, au kutofautisha kamasi iliyoganda na nyama.

Kukata kinyama kupeleka maabara hakuhitajiki kwa osteoma inayojionesha wazi kwenye CT. Atakayetaka kuikata atavunja patasi. Kwa fibroma na kwa displasia yenye sura ya kutatanisha, kipande huchukuliwa, kwa tahadhari, maana huvuja damu.

Kusubiri ni tiba, ikiwa unasubiri kweli

Sasa turudi kwa ami. Osteoma, milimita 8, ukuta wa juu wa chumba, mbali na kichochoro, chumba kimejaa hewa safi, hana maumivu zaidi ya yale ya kuanguka. Kumkata kungemtia katika hatari za nusukaputi na za visu karibu na ubongo ili kuondoa kitu kisichomdhuru. Daktari alikuwa sahihi kutabasamu. Alichokosa, kwa maoni yangu, ni dakika tano za kueleza. Dakika hizo zingeokoa simu zote za Muscat.

Lakini yule mzee wa msikitini naye asishangilie. Kusubiri maana yake ni picha ya pili baada ya miezi sita hadi mwaka, ipimwe pembeni ya ile ya kwanza, kisha nafasi iongezwe kama hakuna mabadiliko. Bahasha ya picha ya kwanza ndiyo mali. Isitumike kupepea jiko. Mambo yanayobadili uamuzi ni haya: uvimbe umekua kwa kasi, umekaribia kuziba kichochoro, umejaza zaidi ya nusu ya chumba, umeelekea jicho au ubongo, au umeanza kuumiza kwa ushahidi.

Kukuna nazi

Mwalimu alikatwa. Alipigwa nusukaputi Dar es Salaam, pua ikapakwa pamba zilizolowa adrenalini ili mishipa ibane na damu ipungue, kitanda kikainuliwa upande wa kichwa. Hakuwa na mshono hata mmoja usoni.

Watu huuliza jiwe linatokaje kwenye tundu la pua. Halitoki zima. Daktari hufanya kile afanyacho mtu kwenye mbuzi wa nazi: hukuna ndani, si nje. Keekee ndogo yenye kichwa cha almasi huzunguka kwa kasi kubwa na kulila jiwe kutoka katikati, huku maji yakimiminwa mfululizo, kwani joto la msuguano linaweza kuunguza nyuzi za fahamu zilizo karibu. Kinabaki kifuu. Kifuu hicho kikishakuwa chembamba hubanwa kuelekea ndani, kwenye uwazi uliochimbwa, mbali na jicho na mbali na ubongo, kisha hung'olewa vipande vipande. Anayejaribu kulichomoa jiwe zima kwa kulitikisa hutikisa pamoja nalo ukuta lilioshika, na ukuta huo huenda ndio wa ubongo. Aina ya pembe ya ndovu huweza kula saa nyingi za kukuna.

Kwa uvimbe wa paji la uso kazi huwa ngumu zaidi, maana lazima kichochoro kitanuliwe kwanza. Mjerumani Wolfgang Draf alizipanga njia za kutanua mlango huo katika madaraja matatu mwaka 1991, la mwisho likiunganisha vyumba vya kulia na kushoto kuwa na mlango mmoja mpana. Hata hivyo kuna mahali kamera haifiki. Chora mstari wa wima kutoka ukuta wa ndani wa jicho kwenda juu: uvimbe ulioota nje sana ya mstari huo, kuelekea upande wa sikio, vyombo vya puani huufikia kwa taabu au visiufikie.

Hapo hurudi njia ya zamani. Ngozi hukatwa ndani ya nywele kutoka sikio hadi sikio, hukunjwa mbele, na mfupa wa paji la uso hufunguliwa kama kifuniko cha sanduku, jiwe likatolewa, kifuniko kikarudishwa. Kovu hufichwa na nywele. Mwenye upara ajue kabla. Mara nyengine njia mbili hutumika pamoja. Na ikiwa ukuta wa ubongo umeguswa, daktari wa ubongo huwa chumbani tangu mwanzo. Mnazi Mmoja kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa msaada wa taasisi ya Kihispania ya NED, jambo ambalo wengi wanaokimbilia nje hawalikumbuki.

Hatari zielezwe kwa majina yake kabla ya kutia saini: kuvuja maji ya ubongo, damu kukusanyika nyuma ya jicho na kutishia kuona, ganzi ya paji la uso, harufu kupotea, na kichochoro kujifunga tena kwa kovu miezi baadaye. Nyingi si za kawaida katika mikono iliyozoea. Swali la kumuuliza daktari ni amefanya ngapi kama hii. Akiacha gamba jembamba lililoshika ukuta wa ubongo, si uzembe. Kulifuata gamba hilo kungegharimu zaidi, na osteoma ikishaondolewa hivyo ni nadra kurudi.

Udhu, sujudi na chafya

Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoharibiwa nyumbani. Mgonjwa hapengi kamasi kabisa. Chafya ikija, mdomo uwe wazi. Hanyanyui ndoo, hainami. Pua husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo atakachopewa hospitali, maana damu iliyoganda ikiachwa humo huwa kovu. Maji ya kisima yasiyochemshwa hayaingii pua iliyokatwa.

Mwalimu aliwauliza madaktari mambo mawili ambayo hayakuwemo kwenye karatasi yao. La kwanza ni kupandisha maji puani wakati wa udhu. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi hapa Visiwani, jambo hilo ni sunna, si faradhi, kwa hiyo aliliacha bila wasiwasi. La pili ni sujudi, na hilo nalo lina ruhusa inayojulikana: mgonjwa huswali amekaa, akiashiria kwa kichwa bila kukishusha mpaka chini. Aliswali kitini siku kumi na nne. Umra aliiendea mwaka uliofuata, na picha ya pasi ilibidi ipigwe upya.

Ami alirudi kupigwa CT baada ya miezi kumi na tatu, kwa kuwa mwezi wa kumi na mbili ulikuwa wa karafuu. Karatasi ilisema milimita 8.3. Simu kutoka Muscat ikalia tena. Ikabidi nieleze kwamba CT hukata kichwa vipande kama mkate, na kipande cha leo hakiangukii pale pale kilipoangukia cha mwaka jana, kwa hiyo tofauti ya sehemu tatu za kumi za milimita ni ya kisu, si ya jiwe. Picha nyengine ni baada ya miaka miwili. Bahasha zote mbili zimo kabatini pamoja na hati ya shamba. Wanawe wamemkataza kupanda mikarafuu, na hilo ndilo linalomuuma. Shangazi bado humpapasa paji la uso kila akija, akilitafuta jiwe ambalo kwa nje halishikiki.